Chupa zinazochukuliwa mlangoni huishia wapi?

Swali: Ninakaa Kadutu, hapa Bukavu. Kila mwezi tunawalipa vijana wanaopita na mkokoteni kuchukua takataka. Chupa za plastiki tunazitenga kwenye mfuko wake, lakini jirani anasema huko mbele vyote vinamwagwa pamoja. Je, tunajisumbua bure?

Jibu: Hapana mama, hamjisumbui bure, ingawa jirani naye hajakosea sana. Mfuko wenu ukipakiwa juu ya maganda ya ndizi, majivu na pampasi, thamani yake inaanza kupotea palepale. Plastiki inauzwa kwa kilo, na hakuna anayekubali kulipia tope.

Mimi kazi yangu ni kuchambua plastiki kabla haijayeyushwa. Mzigo ukifika tunautenga kwa mkono: bidoni, yaani madumu, upande huu, chupa za maji na za sukre (soda) upande ule. Vikishasagwa, vipande vinatiwa kwenye pipa la maji. Vya chupa vinazama, vya kifuniko chake vinaelea, kwa sababu ni plastiki za aina tofauti: chupa ni PET, kifuniko ni polithini au polipropilini. Haviyeyuki pamoja. Polithini ya bidoni inalainika kwenye nyuzijoto 130 hivi, PET inataka kama 250. Anayetengeneza pave, yaani matofali ya kutandika chini, kwa mchanga na plastiki akiacha PET humo, inabaki mabonge, na pave inapasuka pale penye bonge. Kwa hiyo bidoni hupata mnunuzi upesi kuliko chupa ya maji. Chupa ya maji inahitaji kiwanda chake, ambako hugeuzwa nyuzi za kitambaa, na kuisafirisha bila kuibana ni kulipia hewa.

Aluminiamu haina shida: mafundi wanaiyeyusha na kumimina sufuria.

Kinachoniuma ni sashe, ile mifuko laini ya plastiki. Dekreti ya Desemba 2017 ilizipiga marufuku nchi nzima, na bado ziko kila soko. Ni nyepesi, zina mafuta na mchanga, hata ukikusanya gunia zima hufikishi uzito wa maana. Basi mvua inazibeba kwenye mifereji hadi mto Kawa, kisha ziwani, na Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutokea: mto Ruzizi. Pale kwenye bwawa la Ruzizi I takataka zinaziba maji yanayoingia kwenye turbini, wafanyakazi wanazitoa, na umeme wetu unapungua.

Kwa hiyo mama, suuza bidoni, zikaushe, fungua vifuniko vya chupa na uzikanyage zilale. Usiziweke kwenye mkokoteni; mpe mkononi anayezinunua. Waulize wale vijana wanamuuzia nani: wanaouza kweli watakutajia mtu na bei ya kilo. Mabomba ya PVC na soli za viatu usichanganye humo hata kidogo, kwani vikipashwa moto vinatoa mvuke wa asidi unaomchoma mapafu anayesimama kwenye pipa.