Mita ya baiskeli na simu hazikubaliani: uamini ipi?

Ndugu yetu wa Wete kauliza kwa nini mita yake husoma kilomita 22 kwa saa wakati simu inasema 20, na kama kuna haja ya kununua sensa ya pedeli, kile kidude cha kuhesabu mizunguko ya pedeli.

Sheikh, hiyo mita haijui kasi, inajua kuhesabu tu. Kwenye spoki pana sumaku, kwenye uma wa mbele pana sensa. Ndani ya sensa mna kibomba cha kioo chenye vibati viwili vyembamba mno. Sumaku ikipita vinagusana. Zungusha gurudumu polepole pahala kimya, utasikia "ti". Mita huchukua mzingo wa tairi, ikaugawa kwa muda wa baina ya "ti" moja na nyengine. Na huo mzingo umeandikwa na mtu.

Basi kama mita imewekwa milimita 2,200 na tairi lako ni 2,000, ndiyo hiyo 22 yako. Mita za mtumba huja na namba ya tairi la mwenyewe wa mwanzo. Jedwali la kwenye boksi nalo si la kutegemea sana, maana uzito wako hulibonyeza tairi, na upepo ukiwa mdogo hubonyea zaidi. Jaza upepo, tia alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, panda huku mtu kakushikilia, sogea mizunguko mitatu, pima kwa futikamba, gawa kwa tatu, namba hiyo ndiyo uiandike kwenye mita.

Simu inategemea setilaiti. Barabara iliyo wazi haina tabu, lakini chini ya miti ya msitu wa Ngezi au vichochoroni Mji Mkongwe namba huyumba. Mzingo ukishapimwa, mimi naamini sumaku, ilimradi iwe karibu na sensa, kama milimita 5 hivi. Ikiteleza kwenye spoki utasoma sifuri na jasho linakutoka.

Ya pedeli ni hesabu ile ile, ila ni mizunguko kwa dakika. Sumaku hufungwa kwenye mkono wa pedeli. Za kisasa hazina sumaku, zinahisi mzunguko zenyewe. Usishangae ukiacha kukanyaga namba ikabaki kidogo: mita inangoja "ti" isiyokuja.

Kwa vilima vya Pemba inasaidia. Ukiona namba inashuka hadi 50, badilisha gia kabla magoti hayajalalamika. Baiskeli yako kama haina gia, hizo pesa nunulia tairi.