Kalsiamu imejaa, matumbawe hayakui

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina tangi la maji chumvi la lita 240 lenye matumbawe magumu. Kila asubuhi naongeza kalsiamu ya maji, lakini matumbawe hayakui na ncha zimeanza kupauka. Nimepima: kalsiamu miligramu 510 kwa lita, ualkali digrii 5.6. Juzi nilimimina kalsiamu na bekingi soda kwa pamoja, maji yakawa meupe kama tui. Sasa pampu ina ukoko mweupe. Niongeze kalsiamu kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Usiongeze hata tone.

Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu kaboneti, kwa hiyo linachota vitu viwili kwa mpigo: kalsiamu, na ile kaboneti tunayoipima kwa jina la ualkali. Likitumia digrii 2.8 za ualkali, kalsiamu inayoondoka ni miligramu 20 tu kwa lita. Sasa angalia akiba. Maji ya bahari yana kalsiamu kama 420 na ualkali wa digrii 7 hivi. Ualkali ukiporomoka kutoka 8 hadi 5.2, kalsiamu imetoka 420 ikafika 400, na kipimo chako cha matone huenda kisione tofauti. Ni kama nyumba yenye gunia zima la michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na kibuyu kimoja cha mtindi. Mtindi ukiisha, hukimbilii sokoni kununua gunia la pili la michembe.

Ule weupe wa juzi ulikuwa ndiyo hiyo kalsiamu kaboneti: viwili vimekutana vikiwa vikali, vikagandana kabla ya matumbawe kuonja, na vikaishia kwenye pampu. Ilikula ualkali uliokuwa umeukusudia, labda na uliokuwapo. Pampu iloweke kwenye siki usiku mmoja, isuuze vizuri kabla ya kuirudisha.

Kabla ya dawa yoyote, pima chumvi. Inatakiwa 35 kwa elfu. Ukijazia maji yanayokauka kwa maji ya chumvi, chumvi inapanda na kila kipimo kinapanda nayo. Kwa chumvi ya 38, maji ya kawaida kabisa yatasoma kalsiamu 456. Yanayokauka ni maji tu, kwa hiyo jazia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Lakini siyo ya bomba moja kwa moja. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na ziwa letu limeshiba rutuba, gugumaji ni shahidi. Mtambo unaondoa tope na vijidudu, hauondoi chumvi zilizoyeyuka, tena unaweka klorini. Tafuta yaliyopita kwenye chujio la osmosisi, linalozuia hata chumvi hizo, la sivyo utafuga mwani.

Chumvi ikiwa sawa, pandisha ualkali peke yake. Ukitoa mawe na mchanga, tangi lako lina kama lita 200 za maji. Kupandisha digrii 1 katika lita 200 kunahitaji gramu 6 za bekingi soda. Kutoka 5.6 hadi 8 ni gramu 14 na kidogo, nawe zigawe kwa siku tatu: gramu 5 kila siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Koroga kwenye lita moja ya maji safi, mimina polepole mbele ya pampu, na pima kabla ya kumimina kesho yake. Zaidi ya digrii 1 kwa siku, matumbawe yanaweza kuungua ncha.

Nasisitiza bekingi soda, siyo magadi ya kulainishia maharage. Wapo walionibishia kwamba ni kitu kimoja. Magadi ya sokoni yana udongo, na mara nyingi floridi. Kwenye sufuria sawa, kwenye tangi hapana. Na chokaa ya kupaka ukuta nayo iache huko huko.

Kalsiamu itashuka yenyewe, ila usiwe na haraka: ukibadilisha lita 20 kwa wiki kwa maji mapya yenye 420, inapungua kama 9 tu mara ya kwanza, kisha pungufu ya hapo kila mara.

Ukishafika 8, kaa siku tatu bila kuongeza kitu, kisha pima. Ukikuta 7.4, tangi linakula digrii 0.2 kwa siku, na dawa yako ni gramu 1.2 za soda kila siku. Kalsiamu rudisha ikifika 420, nayo uimimine saa nyingine, siyo pamoja na soda.

Hujanitajia magnesiamu. Bahari ina karibu 1,300, nayo ndiyo inayozuia kalsiamu na kaboneti zisigandane ovyo. Ipime wiki hii; ikiwa chini ya 1,200, niandikie namba hiyo kwanza, maana ukoko utarudi hata ukifuata hesabu zote hizi.