Jibu: Kwa nini sekondari ya kata inaachwa mbali na Ilboru?

Mkuu, umeuliza kama matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) yanatosha kupima shule ya serikali hapa Arusha, maana ya kata yenu inaachwa mbali na Ilboru. Hapo unalinganisha watoto, si walimu. Ilboru ni shule ya vipaji maalumu: inapokea vijana waliofanya vizuri sana darasa la saba, tena wanalala bweni. Ya kata inapokea waliopo. Wengine wanatembea mbali asubuhi, wakirudi kuna maji ya kuchota na wadogo wa kulea, na wengi wametoka msingi wakisoma kwa Kiswahili, ghafla baiolojia ni Kiingereza. Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa 2016, madarasa nayo yamefurika.

Ukifungua matokeo ya kidato cha nne, usikimbilie daraja la kwanza (pointi 7 hadi 17). Angalia mstari wa wasichana na wa wavulana kila mmoja peke yake, kisha hesabu daraja la nne na sifuri (waliofeli). Halafu, hili wengi hawalifanyi, tafuta matokeo ya kidato cha pili ya shule hiyohiyo miaka miwili nyuma. Kama watahiniwa walikuwa wengi na sasa wamepungua sana, uliza wameenda wapi. Wapo waliokariri darasa au kuhama, lakini shule inayopandisha wastani kwa kupoteza watoto mimi siiiti nzuri.

Nenda pia kaulize wana walimu wangapi wa hisabati na fizikia.