Usiniambie, nionyeshe

Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na folda niliyoiita "majaribio". Ndani yake miradi kumi na saba ya kujifunza programu na vifaa vya elektroniki, na uliokamilika ni mmoja tu: ule wa kuwasha na kuzima taa ndogo, ambao kila anayeanza huumaliza siku ya kwanza. Mingine yote niliianza kwa shangwe nikaiacha kimyakimya.

Nilikuwa nikijiita mvivu. Lakini mvivu hakeshi, na mimi nilikesha sana. Kilichokosekana ni mtu wa kuniuliza. Nikijiuliza mwenyewe nilikuwa najijibu vizuri mno.

Kilichonifungua macho ni mradi wa kurekodi joto la chumba. Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), kihisi cha joto cha DS18B20, rezista moja (kipande kinachozuia mkondo wa umeme), nyaya tatu. Niliuona ni kazi ya jioni moja. Wiki ya tatu nikachomoa umeme bila kuizima kwanza Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, kadi ya kumbukumbu ikaharibika. Kadi si hoja, unaweka nyingine na kusakinisha upya. Kilichoniuma ni kwamba sikukumbuka nilifanyaje mara ya kwanza. Ni mstari gani niliuongeza kwenye faili la mipangilio? Rezista niliiweka kati ya nini na nini? Nilikuwa nimenakili huku na kule mpaka kitu kikakubali, nikadhani huko ndiko kujifunza.

Tangu siku hiyo nina daftari, la karatasi. Naandika nilichojaribu, kilichotokea, na ninachodhani ndicho chanzo. Dhana zangu nyingi hapo ni za uongo, na ndizo ninazozisoma tena zaidi. Ukurasa mmoja una maandishi mekundu: pini za kupokea ishara kwenye Raspberry Pi ni za volti 3.3, si 5. Hilo nililijua baada ya kuua pini. Msimbo wenyewe nauhifadhi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, na kila ninapohifadhi naandika sababu ya badiliko. Neno "marekebisho" peke yake halimsaidii mtu, hata wewe mwenyewe mwezi ujao.

Lakini daftari halikuulizi kitu. Nikamwomba rafiki yangu mmoja, ambaye programu kwake ni kiini macho, anipe dakika kumi kila Jumapili jioni. Alikubali kwa sharti moja: "Usiniambie umefika wapi. Nionyeshe."

Jumapili ya pili nikamfungulia orodha ya vipimo. 24, 24, 85, 24, 24, 85.

"Hii 85 ni nini? Humu ndani kuliwaka moto?"

"Achana nayo, ni hitilafu tu."

"Hitilafu ya nini?"

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiandaa kuandika mstari wa kuzifuta namba hizo. Usiku ule ndipo nikaisoma karatasi ya maelezo ya kihisi, kwa mara ya kwanza. 85 ni namba ambayo DS18B20 huwa nayo kinapopata umeme, kabla hakijapima chochote, na kupima kwenyewe kwa usahihi wa juu kabisa huchukua hadi milisekunde 750. Maana yake kihisi changu kilikuwa kikipoteza umeme katikati ya kazi. Nikagusa nyaya moja moja. Wa umeme ulikuwa unacheza.

Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kukusimamia, usikimbilie fundi mwenzako. Mtaishia kubishana lugha ipi ya programu ni bora, na Jumapili itapita. Anayekusifu kwa kila kitu naye hafai. Nilishawahi pia kuwatangazia watu wengi kwamba najenga kitu kikubwa. Pongezi zilikuja kabla ya kazi, na baada ya pongezi hamu ikaisha.

Ahadi nayo iwe ya kuonekana kwa macho. "Nitajifunza Python" haionyesheki. "Jumapili joto litakuwa linajiandika lenyewe kila dakika tano" inaonyesheka, au inashindikana mbele ya shahidi. Ikishindikana, onyesha hivyo hivyo ilivyovunjika. Kuna wiki sikuwa na chochote, nikaonyesha faili tupu. Sijawahi kuona dakika kumi ndefu kama zile.

Na mstari usioweza kuueleza usiuache kwenye programu yako, uwe umeutoa kwenye intaneti au umeandikiwa na akili mnemba. Mimi huacha alama ya kuuliza pembeni yake, na rafiki yangu ameshajua kuzitafuta alama hizo kwanza.

Jumapili iliyopita ameona pengo: usiku mmoja mzima hauna kipimo hata kimoja, na umeme haukukatika. Kaniuliza kwa nini. Nina mpaka Jumapili hii.