Kabla ya kubishana tumchangie nani, kubalianeni mtaamuaje

Mara ya kwanza nilipoongoza kamati ya mchango, tulivunjika kabla hata senti moja haijaingia. Tulikuwa watu 23, na mapendekezo matatu mezani: upasuaji wa moyo wa mtoto mmoja, vitabu vya maktaba ya shule, na paa la kituo cha wazee. Tulibishana saa nzima, kisha nikaitisha kura ya kunyoosha mikono. Mtoto 9, vitabu 8, paa 6. Nikamwambia katibu aandike, tumemaliza.

Mama mmoja mtu mzima, ndiye aliyekuwa ameleta pendekezo la paa, alifunga mkoba wake taratibu akainuka. "Haya wanangu, kila la heri." Wengine kadhaa wakamfuata.

Nilimfuata kwake siku chache baadaye kumwomba radhi. Ndipo akanieleza kuwa dada yake mkubwa alifia kwenye kituo kile, na usiku wake wa mwisho kitanda kilisogezwa mara tatu kukwepa maji ya mvua. Katika ile saa nzima ya kubishana, hakuna aliyemwuliza kwa nini paa. Tulikuwa tukimjibu kwa hesabu za mabati.

Niliporudi nyumbani nikaitazama upya kura yetu. Watu 14 kati ya 23 hawakuwa wamemchagua "mshindi". Nikapita kwa mmoja mmoja nikiwaomba wanipangie yote matatu, la kwanza hadi la mwisho. Waliomchagua mtoto wote waliweka paa la pili. Waliochagua vitabu, vilevile. Wale wa paa waliweka vitabu la pili. Nikatoa alama 3 kwa chaguo la kwanza, 2 kwa la pili, 1 kwa la tatu: mtoto 41, vitabu 45, paa 52. Lile tulilolitupa ndilo ambalo karibu kila mtu angelichangia kwa moyo mkunjufu.

Njia hii ya alama si yangu. Mfaransa Jean-Charles de Borda aliipendekeza karne ya 18 kwa sababu hiyohiyo, kwamba kura ya chaguo moja inaweza kumpa ushindi mtu ambaye wengi wamemweka mwisho. Ina udhaifu wake: mjanja anaweza kuliweka mkiani kwa makusudi pendekezo analoliogopa. Kwa hiyo pigeni kwa karatasi, kwa siri, na alama zihesabiwe na mtu asiye na ndugu wala rafiki kwenye mapendekezo.

Lakini ninachowasihi zaidi ni mpangilio wa mambo. Njia ya kuamua ikubaliwe kikao kabla ya kile cha mapendekezo, wakati bado hakuna anayejua itamfaa nani. Ukishataja mtoto mgonjwa, kila hoja kuhusu utaratibu inasikika kama ukatili, na anayeitoa anaonekana hana utu. Kisha kila mwenye pendekezo apewe dakika zake za kueleza limemgusaje, bila kukatizwa na bila kujibiwa papo hapo. Ni dakika chache tu, nazo zimetuokoa mara nyingi kuliko kanuni nyingine yoyote.

Amueni pia mapema pesa zikipungua au zikizidi zitakwenda wapi. Wengi hulipuuza hili, na ndilo linaloleta ugomvi wa pili, mchungu kuliko wa kwanza. Hata wakubwa limewakuta. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kilikusanya zaidi ya dola milioni 500 katika mfuko maalumu, kikakusudia kutenga sehemu kwa mahitaji mengine, pamoja na dharura za baadaye. Wachangiaji walikasirika mno, hadi chama kikabadili msimamo mwezi Novemba na kutangaza kuwa zote zitawaendea walioathirika. Mahitaji yale mengine yalikuwa halali. Ila mchangiaji alitoa akiwa na sura fulani moyoni, na hakuna aliyemwuliza.

Siku hizi daftari letu lina ukurasa wa kwanza unaosomwa kwa sauti kabla ya mapendekezo yoyote. Mstari wake wa mwisho aliuandika mama yule mwenyewe, mwaka tulioezeka paa: "Kikizidi, tunamwuliza aliyetoa."