Bando Linaishia Wapi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nanunua kifurushi cha wiki, lakini kinakwisha siku ya nne ingawa situmii simu sana. Nitajuaje kinakokwenda? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba. Kabla ya kuulaumu mtandao, iulize simu yenyewe. Katika simu ya Android, fungua mipangilio ya mtandao, kisha matumizi ya data, nawe utaona kila programu na kiasi ilichotumia, kikiwa kimegawanywa kati ya matumizi ya wakati umeifungua na yale yanayoendelea kichinichini wakati simu imo mfukoni. Kwa msomaji asiyetumia simu sana, hayo ya pili ndiyo ninayoyashuku zaidi: picha na video za makundi ya WhatsApp zinazojipakua zenyewe, programu zinazojisasisha, na picha zinazopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni tarehe. Kwa kawaida Android huhesabu kwa mwezi, si tangu siku uliponunua kifurushi. Kwa hiyo, andika kiwango cha matumizi ambacho simu inaonyesha siku unaponunua kifurushi, kisha utoe tofauti kila jioni. iPhone haianzi upya kila mwezi, hivyo futa takwimu mwenyewe. Usishangae hesabu ya simu ikitofautiana kidogo na ya kampuni, kwani kila upande una kipimo chake. Tofauti ikiwa kubwa, nenda kwao na kumbukumbu zako.