Mhasibu au mwenyewe? Niliyojifunza kwa miaka sita ya kujaza ritani

Mdogo wangu aliacha ajira mwaka jana akaanza kushona nguo kwa kujitegemea. Wiki mbili zilizopita aliniuliza swali ambalo nami niliwahi kuwauliza watu wengi: "Dada, nitafute mhasibu, au ritani nijaze mwenyewe?" Alimaanisha ritani ya kodi, ile fomu ya kuieleza mamlaka ya kodi umepata nini mwaka mzima na unadaiwa kodi kiasi gani.

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikajizuia. Enzi zile kila niliyemuuliza alinijibu papo hapo, na kila mmoja alinijibu kwa hali yake yeye. Mwenye mshahara mmoja aliniambia mhasibu ni hela ya kutupa. Mwenye kampuni aliniambia nisithubutu kugusa fomu peke yangu. Kwao wote wawili lilikuwa jibu sahihi. Mimi sikuwa na mshahara mmoja tu, wala sikuwa na kampuni, na majibu yao yalinigharimu.

Mwanzo wangu ulikuwa wa kawaida. Nilikuwa na mwajiri mmoja, na kodi ilikatwa kabla mshahara haujanifikia. Mwisho wa mwaka nilipewa hati inayoonyesha nilicholipwa na kilichokatwa, na kazi yangu ilikuwa kuhamisha namba hizo kwenye fomu, kudai nafuu nilizostahili, na kutuma kabla ya tarehe ya mwisho. Mtu aliye katika hali hiyo ningemshauri ajaze mwenyewe bila wasiwasi. Atabaki na fedha yake, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba ataanza kuielewa kodi yake: kipi ni pato ghafi, yaani pato lote kabla ya makato, kipi kinatozwa kodi, nafuu ipi inapunguza pato na ipi inapunguza kodi yenyewe. Nafuu hizo mbili hazina uzito sawa. Ukipunguziwa 100 kwenye pato, unaokoa asilimia ya hiyo 100 tu, lakini ukipunguziwa 100 kwenye kodi, umeokoa 100 nzima. Nilijua hilo kwa sababu nilikaa na fomu mwenyewe, kisanduku kwa kisanduku.

Mambo yalibadilika nilipoanza kupiga picha kwa malipo siku za mwisho wa wiki. Mwaka huo nilijaza ritani mwenyewe kama nilivyozoea, nikafanya makosa mawili.

La kwanza lilihusu kamera. Niliiandika pamoja na lenzi zake kama gharama za mwaka ule, zote kwa mkupuo. Faida ikaonekana ndogo, kodi nayo ikawa ndogo, nikalala vizuri. Sikujua kwamba kifaa kitakachotumika miaka kadhaa kwa kawaida huhesabiwa kama mali ya mtaji. Gharama yake hukatwa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kadiri kinavyochakaa, isipokuwa pale sheria inaporuhusu kuikata yote mara moja. Karatasi ya kuchapia picha ni gharama ya mwaka huu. Kamera ni mali.

La pili lilikwenda upande mwingine kabisa. Wateja wangu wawili walikuwa taasisi, na kila waliponilipa walizuia asilimia fulani ya malipo, wakaipeleka mamlaka ya kodi kwa jina langu. Ndiyo inayoitwa kodi ya zuio. Nilidhani fedha hiyo imekwenda na maji. Kumbe ilikuwa sehemu ya kodi yangu ya mwaka ambayo tayari nimeilipa, na nilipaswa kuidai kwenye ritani kwa kutumia vyeti vya zuio nilivyopewa. Vyeti vyenyewe vilikuwa kwenye barua pepe, sikuwahi hata kuvifungua. Tena, kwa kuwa niliandika kama mapato kile tu kilichoingia benki, nilikuwa nimepunguza mapato yangu kwa kiasi kilekile kilichozuiwa. Ankara ilisema kiasi kimoja, ritani ikasema kingine.

Barua ilipokuja haikunituhumu chochote. Iliomba maelezo kuhusu tofauti ya mapato, basi. Lakini moyo ulinienda mbio kwa wiki nzima. Niliwasilisha marekebisho, nikarudishiwa haki yangu ya kodi ya zuio, nikalipa upungufu wa ile kamera pamoja na riba iliyohesabiwa tangu siku kodi ilipostahili kulipwa.

Hofu ile ndiyo iliyonipeleka kwa mhasibu wa kwanza, na hofu si mshauri mzuri wa jambo hili. Nilikuwa nataka mtu wa kunitua mzigo, nisiuone tena. Nilimpelekea mfuko wa risiti. Nyingi zilikuwa zimechapwa kwenye ile karatasi laini inayofifia kwa joto, na miezi ilikuwa imepita. Baadhi zilikuwa nyeupe kabisa. Hakuniuliza swali hata moja. Alichukua mfuko, akachukua malipo, akafungua akaunti yangu kwenye mfumo wa kodi kwa kutumia barua pepe yake na neno la siri analolijua yeye.

Ritani yangu iliwasilishwa baada ya tarehe ya mwisho. Taarifa ya faini ilitumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa, yaani yake, na mimi nikaja kujua miezi kadhaa baadaye, wakati nahitaji cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi kodi. Nilipoifungua ritani yenyewe nikakuta gharama za usafiri zimeandikwa kwa namba moja nzima, inayoishia na sifuri tupu. Alikuwa amekadiria. Ingeulizwa, nisingekuwa na karatasi hata moja ya kuitetea.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza: unaweza kumpa mtu mwingine kazi ya kujaza, lakini wajibu haumfuati. Jina kwenye ritani ni lako. Faini inakuja kwako, riba inahesabiwa kwako, na wakaguzi wakitaka uthibitisho wanautaka kutoka kwako. Ukiwa na mkataba mzuri unaweza kumdai mhasibu fidia, ila hilo ni shauri lenu ninyi wawili, na mamlaka haimo.

Sehemu yangu katika kosa lile pia ilikuwepo. Nilikuwa nachanganya kazi tatu nikaziita "mambo ya kodi". Kuna kuweka kumbukumbu, kuna kujaza ritani, na kuna kushauri. Ya kwanza hakuna anayeweza kuifanya vizuri kuliko wewe, maana hakuna mwingine aliyekuwepo ulipokuwa unanunua betri au unampa mteja punguzo. Mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya uandishi wa hesabu wa pande mbili, ule ambao kila muamala huandikwa mara mbili, huko Venice mwaka 1494, kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake vya hesabu kilikuwa daftari la matukio ya kila siku, ambalo hata watu wa nyumbani waliojua kuandika wangeweza kulijaza. Vitabu vya kitaalamu vilifuata baada ya hapo. Mpangilio huo haujazeeka. Mhasibu hodari kuliko wote hawezi kukata gharama ambayo haikuandikwa popote.

Siku hizi kumbukumbu zangu ni kazi ya nusu saa kila Jumapili. Nina akaunti ya benki ya kazi peke yake, na hiyo tu imeniondolea nusu ya maumivu. Kila risiti naipiga picha siku ileile na kuandika ilikuwa ya nini. Kila mwisho wa mwezi naweka taarifa ya benki mbele yangu na kuhakikisha kila mstari una maelezo. Fedha niliyohamisha kutoka akaunti yangu moja kwenda nyingine si pato. Mkopo ulioingia si pato, na kurejesha mkopo si gharama. Riba ya mkopo wa biashara ndiyo inayoweza kuwa gharama. Nimeona watu wakilipa kodi juu ya mikopo yao wenyewe kwa sababu tu walijumlisha kila kilichoingia.

Sasa, mhasibu anaingia wapi? Wengi hupima kwa ukubwa wa mapato, na mimi nadhani hicho ni kipimo kibovu. Mtu mwenye mshahara mkubwa kutoka kwa mwajiri mmoja ana ritani nyepesi. Mtu mwenye pato dogo kutoka nchi mbili, chumba cha kupangisha na biashara ya pembeni ana ritani nzito. Mimi napima hivi: mwaka huu kumetokea jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye ritani zangu? Nimeuza nyumba au kiwanja. Nimerithi. Nimemwajiri mtu, kwa hiyo natakiwa kukata kodi ya mshahara wake na kuiwasilisha. Nimelipwa na mteja wa nje ya nchi, na malipo yakakatwa kodi huko. Nimevuka kiwango cha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ikishaanza inadai ritani zake kila kipindi hata kama hukuuza kitu. Jambo la namna hiyo likitokea mara ya kwanza, namlipa mtu anayelijua.

Na ninamwendea kabla, si baada. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi kuliko kwenye kujaza kwenyewe. Mwaka ukishafungwa, mhasibu anachoweza ni kueleza yaliyotokea. Kabla ya tukio, anaweza kubadilisha litakavyokuwa. Nilipotaka kuhamisha kazi yangu ya picha kutoka jina langu kwenda kwenye kampuni, nilikuwa nimeshajaza fomu za usajili. Mhasibu niliyenaye sasa aliniuliza swali moja: kamera na taa ni za nani, na zitaingiaje kwenye kampuni? Sikuwa nimelifikiria. Akanieleza kwamba kuhamisha vifaa kutoka kwangu kwenda kwa kampuni kunaweza kuhesabiwa kama kuviuza, na mauzo yana kodi yake. Tukapanga namna na wakati. Saa moja ile ilinisaidia kuliko ritani tatu.

Maswali ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Siku ya kwanza hakuahidi kitu. Aliomba ritani zangu za nyuma, akauliza fedha inaingia kwa njia zipi, nani ananitegemea, na kama simu na gari navitumia kazini tu au nyumbani pia. Nami nilimwomba namba yake ya usajili kwenye bodi ya taaluma na nikaithibitisha mwenyewe. Tuliandikiana nani anafanya nini na kwa tarehe ipi. Barua pepe na simu zilizosajiliwa kwenye mfumo ni zangu. Yeye anaingia kama wakala. Kabla ritani haijatumwa naisoma yote, na kila namba nisiyoielewa nauliza imetoka wapi. Hajawahi kukereka.

Mkimbie anayetaka malipo yake yawe asilimia ya fedha utakayorudishiwa, maana umempa sababu ya kuikuza kwa njia yoyote. Mkimbie anayetaja kiasi utakachookoa kabla hajaona karatasi. Anayetaka usaini fomu tupu, au marejesho yapitie akaunti yake, usibishane naye, ondoka tu.

Kuhusu programu za kodi, nazipenda kwa kinachojirudia. Zinajumlisha bila kukosea na zinakumbusha tarehe. Lakini programu haijui kwamba chumba unachokiita ofisi ndicho watoto wanacholala. Ukiiambia uongo itaujumlisha kwa usahihi mkubwa.

Gharama ya mhasibu nayo ipime vizuri. Mwaka nilioshughulikia ritani na yale marekebisho peke yangu, niliandika muda wote nilioutumia: saa 19, ukiondoa usingizi niliokosa. Kwa anayefanya biashara, ada ya mhasibu mara nyingi nayo ni gharama inayokubalika kikodi. Na ukichelewa usijifariji kwa kuomba muda: mahali pengi kuongezewa muda wa kuwasilisha hakuongezi muda wa kulipa.

Basi mdogo wangu sikumpa jibu. Nilimwambia alete taarifa za benki za miezi mitatu tukae nazo. Tulipitia mstari kwa mstari kwa jioni mbili. Karibu yote aliyaeleza mwenyewe: vitambaa, uzi, kodi ya chumba, malipo ya wateja. Ulibaki mstari mmoja, fedha kutoka kwa mteja aliye nchi nyingine, iliyofika pungufu kuliko ankara kwa sababu ilikatwa kodi huko. Hakujua aandike kiasi gani, na kama kodi ya kule inaweza kupunguza ya hapa. Mimi pia sikuwa na la kumwambia, kwa sababu jibu linategemea sheria ya kodi ya hapa na mkataba wa kodi, kama upo, kati ya nchi hizo mbili.

Ameweka miadi ya saa moja na mhasibu wangu kwa ajili ya mstari huo. Mingine anaijaza mwenyewe. Jana usiku alinipigia simu kuuliza kama cherehani yake mpya inahesabiwa kama ile kamera yangu. Nikamwambia ndiyo, na kwamba risiti yake aipige picha usiku huohuo, kabla maandishi hayajafifia.